Raha ya Lazima

Kopo la gundi lilikuwa na maandishi mekundu, makubwa kama ya tangazo la mnada: USIWEKE KARIBU NA MOTO. Mjukuu wangu aliyasoma kwa sauti, bila kukwama, sauti ikipanda panapostahili na kushuka panapostahili. Kisha akaliweka kopo pembeni mwa jiko, chai ikitokota.

Niliruka. Umri wangu si wa kuruka, lakini siku ile niliruka, nikalinyakua kopo nikalitupa juu ya rundo la sponji.

"Chiriku! Umesoma nini sasa hivi?"

"Kopo, bibi."

"Linasemaje?"

Akalisoma tena kutoka pale lilipoangukia. Vizuri kuliko mara ya kwanza. Akanitazama akisubiri nimpigie makofi, kama wanavyopigiwa darasani.

"Haya. Na moto uko wapi?"

Akatazama jiko, akatazama kopo, akarudi kwenye jiko. Alikuwa kama mtu anayepapasa swichi gizani kwenye nyumba ya wenyewe.

"Kumbe ni moto huu?"

"Ulidhani upi? Wa jirani?"

Nilikaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, springi zikinichoma, nikashika kichwa. Mtoto wa miaka kumi. Kila mwaka wazazi tunaitwa shuleni, watoto wanapangwa mbele watusomee, na wanasoma kama maji ya bomba. Sisi tunashangilia. Mimi mwenyewe nilishangilia. Hakuna aliyewahi kuwauliza bomba hilo linamimina nini.

Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko barabarani karibu na shule, na watu wananiita Bi Misumari. Sababu ya kwanza ni kwamba nikiwa napigilia kitambaa, misumari midogo naiweka mdomoni, natoa mmoja mmoja kwa ulimi, mkono mmoja umevuta kitambaa na mwingine una nyundo. Sababu ya pili waulize waliowahi kuongoza mkutano nikiwa ukumbini.

Wiki hiyohiyo ya kopo, mwalimu wa darasa alimwita binti yangu, mama yake Chiriku, akamwambia mtoto anaangusha somo la ufahamu. Akianguka na kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka, atarudia darasa. Binti yangu ni karani wa mapokezi zahanati, hutoka kazini jua limeshakwisha, kwa hiyo kila akitoka shule Chiriku hushinda karakana kwangu. Siku hiyo binti yangu alikuja kumchukua macho mekundu.

"Mama, nimtafutie masomo ya ziada?"

"Ya nini? Wamfundishe kusoma kopo kwa sauti nzuri zaidi?"

"Mama, usianze."

Nilianza. Nilimwita Chiriku, nikaandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia, maneno niliyoyabuni palepale: Mbrungu alimpwarusha kirendwa sokoni. Nikamuuliza: nani alipwarushwa sokoni?

Hata hakufikiri. "Aliyepwarushwa sokoni ni kirendwa."

"Safi. Kirendwa ni nani?"

"Hilo halijaulizwa, bibi."

Binti yangu akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Ndivyo tunavyofundishwa," Chiriku akatueleza kwa upole, kama sisi ndio wagumu wa kuelewa. "Unatafuta maneno ya swali kwenye habari. Ukiyaona, unanakili sentensi nzima. Ukinakili yote, huwezi kukosa."

"Na kuielewa habari je?"

"Muda hautoshi."

Sasa niseme jambo la zamani, maana mimi sisahau, na wanaotaka nisahau wananijua.

Ujana wangu niliumalizia kiwanda cha samani. Shule niliiacha mapema. Kusoma nilijifunzia pale, benchini, kwa sababu ya mwanamke mmoja tuliyemwita Dada Mkubwa. Alikuwa na vitabu vya hadithi. Mikono yetu ikivuta mikanda ya viti, yeye alisimulia alichosoma jana yake, na akifika patamu anafunga: "Kitabu kiko kwenye droo, mwenye hamu akasome." Nani angevumilia? Nilijifunza herufi kwa hasira ya kutaka kujua kama yule bwana harusi alifika. Msimamizi wetu, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, alikuja akachukua vitabu vyote. "Hapa kazini. Hadithi ni za watoto," akasema. Tukamwita Nyapara.

Baadaye Nyapara huyo alisimama juu ya kreti akatusomea tangazo la mwajiri: kwa sasa hakuna mpango wa kupunguza wafanyakazi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Dada Mkubwa peke yake hakupiga. Alininong'oneza, "Umesikia hiyo 'kwa sasa'? Kwenye hadithi, mtu akisema hivyo ukurasa wa kumi, ukurasa wa kumi na moja anafungasha." Kabla mvua hazijaisha tulikuwa tumefungasha, yeye na mimi na wote waliopiga makofi.

Ndiyo sababu sina subira na suala hili. Mtu asiyezoea hadithi anaamini kila sentensi kama ilivyovaa.

Na Nyapara yuko wapi leo? Ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya mjukuu wangu. Suruali bado imesimama. Na ufunguo wa maktaba anatembea nao yeye, kwenye mnyororo wa kiunoni.

Maana maktaba ipo! Chumba kizima, makabati ya vioo, vitabu vya hadithi vilivyoletwa na wafadhili, vimevishwa nailoni kama peremende za dukani. Kwenye ratiba kuna kipindi cha maktaba. Nilimuuliza Chiriku wanafanya nini kipindi hicho.

"Tunapiga deki."

"Halafu?"

"Tunafuta vioo. Anayefuta vizuri anaruhusiwa kutaja rangi ya kitabu anachokipenda."

Nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi. Nyapara alikuwa meza ya mbele, anazungumzia geti. Nilinyoosha mkono mpaka bega likaniuma. Hatimaye akaguna.

"Ndiyo, Bi Misumari. Kwa kifupi."

"Kwa kifupi, fungua kabati."

"Kabati lipi?"

"La vitabu. Watoto hawaelewi wanachosoma kwa sababu hawajawahi kusoma kitu wanachotaka kujua kinaishaje. Mtoto anayesoma kwa kupenda, maana inamwingia bila kuambiwa. Hiki mnachowafanyia ni kuwapeleka jikoni wafute sufuria, chakula hawaonji, kisha mnawapa mtihani wa ladha."

Wazazi wakacheka. Mama mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Mwambie!"

Nyapara akasubiri kicheko kiishe. "Vitabu vikichanika, wafadhili wakija tutawaonyesha nini?"

"Waonyeshe watoto!"

Nilizungumza mpaka nikakauka koo. Walionifuata walizungumza pia. Mwisho, kwa mshangao wangu, Nyapara akatabasamu. "Sawa. Kamati imesikia. Kusoma kwa raha kutaanza. Nitalisimamia mwenyewe."

Kama ningekuwa simjui vizuri, ningefurahi.

Nikisubiri raha ya kamati, niliamua kuanza yangu. Nina sanduku la hadithi chini ya meza, vitabu vichakavu, vingine havina majalada. Nikamkalisha Chiriku kwenye kochi, nikamsomea ukurasa, nikamuuliza: nani huyu, kafanya nini, kwa nini, umejifunza nini? Nikasoma mwingine, nikauliza tena. Siku ya pili alikuja na kisingizio cha tumbo. Siku ya tatu binti yangu akanitazama.

"Mama, hata mimi ningeumwa tumbo. Unamhoji kama polisi."

"Nahakikisha anaelewa!"

"Unahakikisha anachukia."

Tulinuniana kidogo. Sikutaka kukubali.

Kilichotuokoa ni mteja. Alikuwa anataka kochi lake siku hiyohiyo, wageni wako njiani, na alinijia mlangoni nikiwa katikati ya ukurasa. Mwanamke wa hadithini alikuwa peke yake nyumbani, kasikia mtu anabisha hodi, na mlango unaogongwa ni wa kabati la nguo, kutoka ndani. Hapo hapo nikafunga kitabu, nikajaza misumari mdomoni, nikashika nyundo.

"Bibi! Kisha ikawaje?"

"Mmh."

"Ni nani kabatini?"

"Mm-mmh."

"Bibi, toa hiyo misumari!"

Nikamwonyesha kochi, nikamwonyesha mteja aliyesimama mlangoni mikono kiunoni. Chiriku akazunguka meza mara kadhaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kisha akakichukua kitabu. Nilipigilia mgongo wote wa kochi na mikono yote miwili ya kochi bila kusikia sauti yake, na Chiriku si mtoto wa kunyamaza, jina hilo hakupewa bure. Nilipogeuka alikuwa amejikunja ndani ya sponji, midomo inachezacheza, jicho moja analiibia kabati langu la vitambaa.

"Usilifungue," akaniambia.

Sikumuuliza kitu. Nisingeweza, mdomo ulikuwa umejaa chuma.

Tangu hapo ndivyo tulivyofanya kazi. Nasoma mpaka patamu, naweka misumari. Hata siku isiyo na kazi ya kupigilia naiweka, nasugua mbao tu. Binti yangu akaja siku moja, akatukuta kimya, mmoja anafumua kochi mwingine anafumua hadithi. "Sijawahi kuiona karakana hii hivi," akasema. "Hiyo misumari ungeanza kuila zamani."

Na Chiriku akaanza kuuliza yeye. Kwa nini huyu anajifanya mwema? Kwa nini mama mkwe hakushtuka? Siku moja akasoma karatasi ya ankara ya maji iliyobandikwa mlangoni, akaniita, "Bibi, wanasema 'mteja mpendwa', halafu chini wanakata maji. Hawatupendi hawa." Nilikaribia kumeza msumari.

Kisha raha ya kamati ikaanza.

Nyapara aliandikisha ubao, akautundika juu ya mlango wa maktaba: KIPINDI CHA KUSOMA KWA RAHA. Chini yake, masharti. Mtoto hachagui, anapewa kitabu kinacholingana na namba yake ya darasani. Mikono inaoshwa na kukaguliwa. Hakuna kuruka ukurasa, hakuna kurudi nyuma, hakuna kuongea, hakuna kumwonyesha mwenzako. Kengele ikilia unafunga ulipofika, hata kama mtu anazama. Halafu maswali, aliyoyatunga mwenyewe, pamoja na majibu yake ili mwalimu asahihishe haraka.

Chiriku alirudi kutoka kipindi cha kwanza akiburuta mkoba. Alikaa kwenye sponji, akavua viatu, akasema:

"Bibi, nimefeli raha."

"Umefeli nini?"

"Raha. Nimepata sifuri. Na nimetolewa nje. Mwenyekiti amesema kesho uje, na amesema tabia hii ikiendelea hata mtihani haunisaidii, narudia darasa moja kwa moja."

"Umefanya nini, mwanangu?"

Machozi yakamwanguka. "Nilicheka."

Nilibaki na nyundo hewani. Miaka yote hii ya kudai, ya kunyoosha mkono, ya kuitwa mkorofi, ili mtoto mmoja acheke na kitabu. Amecheka, wamemtoa nje!

Kesho yake sikuvua hata aproni ya kazi. Nilimkuta Nyapara maktaba, anafuta jalada la nailoni kwa leso. Mwalimu wa darasa alikuwa amekaa pembeni, msichana mwenye darasa la watoto wengi kuliko madawati, uchovu umemkaa machoni kama wanja. Chiriku alisimama ukutani.

"Karibu, Bi Misumari."

"Mjukuu wangu amecheka. Kitabu kilikuwa cha nini?"

Nyapara akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama meza.

"Cha kuchekesha," akasema polepole.

"Kucheka kuna wakati wake," Nyapara akadakia. "Na si hilo tu. Jibu nalo amekosa. Hili hapa, ujionee."

Akanisogezea karatasi. Kitabu chenyewe nilikijua baada ya kufungua kurasa mbili tatu: kuna bwana mmoja mwenye majivuno na mbwa wa jirani amekata kamba. Swali la Nyapara lilikuwa: Je, bwana huyu aliogopa mbwa? Chiriku ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: Ndiyo, tena sana. Mbele yake mkasi mwekundu, alama ya kukosa.

"Jibu sahihi ni lipi?" nikauliza.

"Hapana, hakuogopa mbwa." Akafungua kitabu, akaweka kidole. "Nasoma. 'Mimi siogopi mbwa hata kidogo, alisema bwana yule kutoka juu ya paa.' Imeandikwa, mama. Siogopi. Maneno ya mwenyewe. Ufahamu ni kilichoandikwa, hatubuni."

Nikaona ukumbi wa kiwanda. Nikamwona juu ya kreti, karatasi mkononi. Si kwamba alitudanganya siku ile! Mungu wangu, nilimwonea. Aliamini. Alisoma 'kwa sasa' kwa sauti nzuri, akaiweka pembeni mwa jiko kama kopo la gundi, na yeye mwenyewe akafungashwa nyuma yetu.

Hasira ilinipanda mara mbili. Hotuba ilishajipanga yenyewe, ina mwanzo, ina matusi ya heshima, ina kiwanda ndani yake. Nilivuta pumzi. Hapo nikamwona Chiriku anafungua mdomo, ananiangalia mimi, anaufunga. Anasubiri bibi aseme, kama siku zote.

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, nikatoa misumari, nikaijaza mdomoni.

Nyapara alinitazama kama nimepagawa. Chiriku akanielewa mara moja. Akasogea mezani.

"Samahani mwenyekiti. Kama haogopi, juu ya paa anafanya nini?"

"Swali hilo halikuulizwa."

"Najua. Lakini anafanya nini? Anapunga upepo?"

"Mtoto..."

"Na kiatu chake kimoja kiko wapi? Mbwa anacho, ukurasa wa nyuma. Na mkewe anampa chakula kwa ufito. Mtu asiyeogopa si angeshuka akale mezani?"

Nyapara akafungua ukurasa wa nyuma, akausoma, midomo ikitembea. Akafungua mwingine. Mwalimu alikuwa ameinua kichwa.

"Chiriku," akasema mwalimu, "mkewe anajua kama anaogopa?"

"Anajua, mwalimu. Ndiyo maana anamwambia, 'Basi ukimaliza kutoogopa, shuka ufunge geti.'"

Mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika. Akajaribu kukohoa, kikohozi kikashindwa njiani, akacheka mpaka akashika meza, na Chiriku akacheka naye, na mimi nikapumulia puani nikiomba nisimeze chuma.

"Mwalimu!" Nyapara akang'aka. "Hata wewe?"

"Mwenyekiti, nisamehe. Sikuwahi kukisoma. Mimi nasahihisha kwa yale majibu yako." Akajifuta macho, akachukua kalamu, akaukata ule mkasi mwekundu, akaweka vema kubwa. "Na mtihani wa mwisho wa mwaka, habari yake nitaitafuta mimi."

"Maswali yanapitia kamati."

"Yapite. Majibu nasahihisha mimi."

Nyapara alifunga kipindi cha raha siku hiyohiyo, kwa sababu ya makelele. Lakini kabla ufunguo haujazungushwa, mwalimu alishapita na karai la deki limejaa vitabu, akalipeleka darasani kwake, akaliweka sakafuni. Hakuna namba, hakuna maswali. Vitabu vimeshachanika kurasa, nimeviona. Viwili nimevishona kwa uzi wa makochi.

Chiriku alipanda darasa. Hakuwa wa kwanza wala wa kumi, alipita, basi. Wenzake wengi wa darasa jingine, ambalo halina karai, walirudia. Hao hakuna aliyewatetea, na hilo linanikera mpaka sasa ninaposema hivi.

Mkutano wa kufunga mwaka Nyapara alisimama, suruali nayo imesimama. Akasema matokeo ya darasa moja yamepanda kutokana na mpango wa kamati wa kusoma kwa raha, alioubuni na kuusimamia mwenyewe. Wazazi wakapiga makofi. Wakapiga, wallahi! Mama yule wa nyuma aliyepiga kelele "mwambie", naye anapiga.

Nikajipapasa mfukoni. Sikuwa nimebeba misumari. Nikashika kiti ninyanyuke.

"Bibi." Chiriku alikuwa ameegemea ubavu wangu, kitabu kimefunguliwa magotini, amenishika nguo kwa mkono mmoja bila kuinua macho. "Ngoja kwanza. Nimalize ukurasa, ukisimama unanitikisa."

Nikakaa. Nyapara akaendelea, na mimi nikasubiri ukurasa uishe.